Mguu wa Lodi Paget: Uainishaji wa Awali

Kiswahili kimemtendea haki mpanda farasi. Kwetu mtu hupanda farasi, hupanda cheo, na hupanda jukwaani kuomba kura, yote kwa kitenzi kimoja. Mambo yakimharibikia hushuka, nako kushuka ni kumoja tu. Kwa hiyo msomi wa Kiswahili akikutana na askari wa farasi aliyegeuka mwanasiasa hana la kushangaa. Anaona kitenzi kinaendelea na kazi yake. Linalomnyima usingizi ni swali dogo zaidi: mtu huyo alipanda kwa mguu upi, na mguu huo uliishia wapi?

Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kumchunguza Henry William Paget (1768–1854), Erli wa Uxbridge na baadaye Makwisi wa Anglesey, kamanda wa wapanda farasi kwenye vita vya Waterloo, Naibu wa Mfalme nchini Ireland mara mbili, baba wa watoto 18 na, hadi jioni ya tarehe 18 Juni 1815, mwenye miguu miwili. Taaluma tunayoitumia tumeiita elimumguu. Ni changa, na kwa sasa ina mtaalamu mmoja. Wanahistoria huyagawa maisha ya mtu kwa miaka, kwa vyeo au kwa wake zake. Sisi tunayagawa kwa nahau za mguu, maana Paget alizitimiza karibu zote, moja baada ya nyingine, kwa utiifu wa askari ambaye hakujua neno hata moja la Kiswahili.

Nasaba, au viti vya familia

Turekebishe kwanza kosa moja. Paget hutajwa kama mwanajeshi aliyegeukia siasa. Ukweli ni kwamba siasa alizikuta nyumbani, kama fanicha. Mwaka 1790, akiwa na umri wa miaka 22, alikuwa tayari mbunge wa miji ya Caernarfon huko Wales. Jeshini hakuingia mpaka 1793, Uingereza ilipoanza kupigana na Ufaransa ya mapinduzi, na hata hapo aliingia kwa mlango wa matajiri: aliunda kikosi chake mwenyewe, wengi wao wakiwa wapangaji katika mashamba ya baba yake kule Staffordshire, akajikuta kamanda bila kuwahi kupigishwa kwata na mtu. Elimumguu inasisitiza kwamba kikosi hicho kilikuwa cha askari wa miguu. Ndiyo kusema mtu huyu aliianza kazi yake kwa miguu, akahamia kwa farasi mwaka 1795, na mambo ya miguu akadhani ameyaacha nyuma.

Kile kiti cha Caernarfon kinastahili utafiti wa peke yake. Henry alipokiacha mwaka 1796, alikikalia mdogo wake Edward. Edward alipokiacha mwaka 1806, alikikalia mdogo wao Charles. Kiti cha jirani, cha kisiwa cha Anglesey, kilikuwa cha ndugu yao William. William alipofariki mwaka 1794 kikaenda kwa Arthur, na mwaka 1807 kikaenda kwa Berkeley. Ndugu sita, viti viwili, na wapiga kura ambao kazi yao ilikuwa kukumbuka ni Paget yupi wa zamu hii. Ni sinia la pilau la ukoo: linazunguka mkono hadi mkono lakini halitoki nje ya ua. Msomaji asicheke haraka, kwanza ayasome upya majina yaliyo kwenye karatasi yake ya kura.

Ukoo huu ulikuwa na tabia nyingine, ya kuacha viungo vya mwili ugenini. Edward, yule wa pili kukalia kiti cha Caernarfon, alipoteza mkono wa kulia mwezi Mei 1809 jeshi la Waingereza lilipovuka mto Douro kuutwaa mji wa Oporto, Ureno. Tukijumlisha mkono huo na mguu wa kaka yake tutakaoufikia punde, kati ya viungo vinane walivyozaliwa navyo hawa wawili, sita tu ndivyo vilivyozeekea Uingereza. Uwiano huo tumeukokotoa wenyewe.

Mguu sawa

Kila aliyepita shule yenye gwaride anaijua amri hii: visigino pamoja, kifua mbele, macho yasiyotazama kitu. Kipindi cha Mguu Sawa katika maisha ya Paget kinaanzia 1793 hadi Januari 1809, na tutakipita upesi kwa sababu mtu anayefanya kazi yake vizuri humpa mwainishaji kazi ndogo. Alipigana Flanders, akapigana Uholanzi. Tangu 1797 alikiongoza kikosi cha saba cha farasi wepesi, na akakifanya kielelezo cha nidhamu na, tuseme kweli, cha mavazi.

Kilele chake kilikuwa Hispania, katika majira ya baridi ya 1808, alipowaongoza wapanda farasi wa Jenerali Sir John Moore. Alfajiri ya tarehe 21 Desemba, huko Sahagún, kwenye theluji, wanaume kama 400 wa kikosi cha kumi na tano waliwavamia wapanda farasi wa Kifaransa waliowazidi idadi na kuwatawanya. Siku nane baadaye, Benavente, walimteka Jenerali Lefebvre-Desnouettes wa walinzi wa Napoleon mwenyewe. Jeshi zima la Moore lilikuwa linarudi nyuma kuelekea baharini kwa hali mbaya, lakini upande wa farasi ulikuwa unashinda. Paget alirudi nyumbani akiwa na sifa ya kamanda bora wa farasi aliyekuwa nao Mwingereza. Miezi miwili haikupita.

Mguu, niponye!

Hiki ndicho kilio cha anayekimbia: mwili wote umeishiwa hoja, umebaki kuuomba mguu uuokoe. Wengi hukitoa vitani. Paget, ambaye vitani hakukitoa hata siku moja, alikitoa London mwezi Machi 1809, na hakukimbia peke yake.

Wakati huo alikuwa na mke, Lady Caroline Villiers, waliyeoana mwaka 1795 na kuzaa naye watoto 8. Aliyetoroka naye ni Lady Charlotte, mke wa Henry Wellesley na mama wa watoto wanne. Husimuliwa kwamba daktari alimshauri Charlotte apande farasi kwa ajili ya afya yake, na kwa kuwa mumewe alikuwa mgonjwa, alihitajika muungwana wa kumsindikiza. Katika London yote angepatikana nani anayejua farasi kuliko Paget? Tunaona hapa hatari ya kumpa mtaalamu kazi iliyo ndani ya utaalamu wake.

Sasa, Henry Wellesley alikuwa mdogo wake Arthur Wellesley. Huyu Arthur ndiye aliyekuwa anakwenda kuongoza vita vya Hispania na Ureno, ndiye aliyekuja kuitwa Duki wa Wellington, na ndiye angemhitaji kamanda wa farasi kuliko kitu kingine chochote. Kiswahili ni tajiri wa majina ya ukwe. Tuna shemeji, wifi, mwamu, mkwe, bavyaa na mavyaa. Tuna hata mke mwenza. Hatuna jina la mtu aliyemtorosha mke wa mdogo wako kisha ukaletewa kazini awe msaidizi wako. Pengo hili la kileksika ndilo lililoigharimu Uingereza miaka mitano ya huduma ya Paget. Wapo wanaotoa sababu nyingine, za vyeo na ukubwa wa kazi. Elimumguu inazisikiliza kwa adabu.

Yaliyofuata yalikwenda kwa utaratibu wa tabaka lao. Kaka yake Charlotte, Henry Cadogan, alimwita Paget uwanjani Wimbledon wapigane kwa bastola. Cadogan alilenga akakosa, na Paget hakulenga kabisa, akiona kwamba ameshaidhuru familia ile vya kutosha. Mahakama ilimtoza fidia isiyopungua paundi 20,000 kwa mume aliyeibiwa mke. Ndoa ya akina Wellesley ilivunjwa mwaka 1810 kwa sheria ya Bunge, lilelile ambalo Paget alikuwa amelikalia kwa miaka mingi, na ni wabunge wachache duniani waliowapa wenzao kazi ya kutunga sheria kwa njia ya moja kwa moja namna hiyo. Lady Caroline alipata talaka yake Uskoti, maana sheria ya Uskoti ilimsikiliza mke kuliko ile ya Uingereza, na mwaka uleule akaolewa na Duki wa Argyll. Ni kupanda ngazi, wajuzi wa vyeo watakubali. Paget akamwoa Charlotte, na wawili hao wakapata watoto 10 zaidi.

Hapa ndipo elimumguu inapogundua jambo lililowapita wanahistoria. Kiswahili kinasema mtu *amekata mguu* akiacha kukutembelea. Jamii ya London ilikata mguu kwa Lady Charlotte: waliokuwa wakija kunywa chai hawakuja tena, na milango iliyokuwa wazi kwake ilifungwa. Kwa hiyo nyumbani kwa Paget mguu ulikatwa mara mbili, mara ya kwanza kwa nahau, mwaka 1809, na mara ya pili kwa msumeno, mwaka 1815. Nahau ilitangulia kwa miaka sita. Tunawaachia wanafalsafa.

Katikati ya mikato hiyo miwili, ukiondoa msafara mfupi wa Walcheren ulioshindwa, ni kipindi cha *mguu pande*. Alirithi ardhi na jina la Uxbridge baba yake alipofariki mwaka 1812. Wellington akashinda Hispania bila yeye.

Siku yenyewe

Mwaka 1815 Napoleon aliporudi, Paget alipewa wapanda farasi wote chini ya Wellington. Kuna masimulizi kwamba mtu mmoja alimwonya Wellington kuwa huyu bwana ana sifa ya kumtorosha kila anayekutana naye, na Wellington akajibu kwamba atajiangalia asitoroshwe yeye. Usiku wa kuamkia vita, Paget, ambaye angeshika uongozi kama Wellington angeuawa, alimwendea kuuliza mipango ya kesho. Wellington alimuuliza kama ni yeye au Bonaparte atakayeshambulia kwanza. Bonaparte, akajibu Paget. Basi, Bonaparte hakuniambia mipango yake, na yangu inategemea yake, nitakuambia nini? Hayo ndiyo mahusiano ya kikazi kati ya watu wenye pengo la kileksika.

Mchana wa tarehe 18 Juni, askari wa miguu wa Kifaransa wa Jenerali d'Erlon walipokaribia kuivunja safu ya Wellington, Paget aliwaachia vikosi viwili vya farasi wazito, zaidi ya wanaume 2,000. Waliivunja safu ya d'Erlon, wakateka bendera mbili za tai, kisha wakafanya kosa la kudumu la farasi aliyeshiba: hawakusimama. Walipanda hadi kwenye mizinga ya adui, na Wafaransa wa mikuki wakawarudishia hesabu. Sehemu kubwa ya vikosi vile haikurudi. Paget mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikosea kuongoza akiwa mstari wa mbele, mahali ambapo mtu hawezi kuita akiba. Ni ungamo la nadra katika kumbukumbu za makamanda, na tunaliheshimu. Mchana huo anahesabiwa kubadilisha farasi wanane au tisa walioangushwa chini yake. Farasi hao hawana kaburi wala jiwe, na taaluma yetu haijapata fedha za kuwashughulikia.

Jioni, Wafaransa wakiwa wamekwisha kushindwa, kombora la mzinga lilimpita Wellington likampata Paget kwenye goti la kulia. Hadithi inayosimuliwa na wengi ni kwamba Paget alitangaza kuwa mguu wake umekwenda. Wellington akaishusha darubini, akautazama, akathibitisha kuwa kweli umekwenda, akairudisha darubini machoni. Kwa mwainishaji hili ni tukio la thamani kubwa, maana si mara nyingi kupotea kwa kiungo kunaripotiwa na mhusika na kuthibitishwa papo hapo na shahidi huru mwenye chombo cha kupimia.

Alipelekwa kijijini Waterloo, nyumbani kwa Bwana Hyacinthe Paris, mguu ukakatwa juu ya goti bila dawa ya usingizi, kwani haikuwapo bado. Paget alilalamikia kitu kimoja tu: visu vilionekana kuwa butu kidogo. Kisha akawaambia waliokuwapo kwamba amekuwa kijana mtanashati kwa miaka 47, na si haki kuendelea kuwazibia vijana riziki. Jenerali Vivian alipokuja kumjulia hali, alimwomba aende akautazame mguu mezani, ampe maoni kama ulikuwa wa kuokolewa. Vivian akaenda, akarudi, akasema haukuwa.

Maisha ya mguu baada ya mwenyewe

Tangu hapa, kwa mtazamo wetu, kuna wasifu mbili. Mguu na mwenye mguu waliachana, na kila mmoja akaanza kazi ya umma kivyake. Wanahistoria wamemfuata mwenye mguu. Ni upendeleo usio na msingi.

Bwana Paris aliomba ruhusa ya kuuzika mguu bustanini kwake. Ukatiwa ndani ya jeneza la mbao, ukazikwa karibu na mti, ukasimamishiwa jiwe lenye maandishi. Wageni wakaanza kuja. Walioneshwa kwanza kiti chenye damu alichokalia Lodi Uxbridge, kisha wakapelekwa kaburini, kisha, kama ilivyo desturi ya mahali patakatifu, wakaachiwa nafasi ya kutoa chochote. Mfalme wa Prussia alifika. Mwanamfalme wa Orange alifika. Kwa miongo kadhaa mguu huu, bila kufungua kinywa, bila kuahidi barabara wala maji, ulipokea watawala wengi kuliko mabalozi wengi wanavyopokea.

Mwenye mguu, kwa upande wake, alipandishwa cheo siku 16 tu baada ya vita, akawa Makwisi wa Anglesey. Alipewa pensheni ya paundi 1,200 kwa mwaka kwa ajili ya mguu, akaikataa. Watu wa kisiwa cha Anglesey na majirani zao walimjengea mnara mwaka 1817, karibu na kijiji cha Llanfairpwllgwyngyllgogerychwyrndrobwllllantysiliogogogoch, ambacho jina lake lilirefushwa baadaye kuwavuta wasafiri. Ndani ya mnara zilikuwamo ngazi 115. Juu yake hapakuwa na mtu mpaka mwaka 1860, sanamu yake ilipopandishwa, miaka sita baada ya yeye kufariki. Ngazi 115 ni heshima ya ajabu kumpa mtu wa mguu mmoja.

Kuhusu mguu wa bandia tutakuwa na subira kidogo, maana ni mchango wa kweli. Fundi James Potts wa Chelsea alimtengenezea mguu wa mti wenye goti la chuma na kano za utumbo zilizounganisha goti na kifundo, ili mguu ukikunjwa, kidole kiinuke chenyewe na kisikwaruze sakafu. Ulikuwa ukigonga kwa sauti ukitembea. Muundo huo ukaitwa "mguu wa Anglesey", ukauzwa kwa watu wengi, ukavuka hadi Marekani, na wengine waliouvaa hawakujua lolote juu ya Charlotte wala Waterloo. Alikuwa na zaidi ya mmoja. Kwa hesabu kali, basi, mtu huyu alimaliza maisha akiwa na miguu mingi kuliko aliyozaliwa nayo.

Kiguu na njia

Kiguu ni mguu mfupi, au uliokatika. Kiguu na njia ni mtu asiyetulia nyumbani. Maneno hayo mawili yalikuwa yakimngojea Paget tangu zamani. Mwaka 1821, kwenye karamu ya kutawazwa George IV, aliingia ukumbini Westminster juu ya farasi, sambamba na Wellington, kusindikiza sahani za chakula. Mwaka 1828 akaenda Dublin kuwa Naibu wa Mfalme.

Hapo ndipo siasa zake zilipokuwa na uzito, na hapo tunaacha mzaha kwa aya moja. Wakatoliki, ambao walikuwa wengi kabisa wa Waireland, hawakuruhusiwa kukaa Bungeni. Mwezi Julai 1828 Daniel O'Connell, Mkatoliki, alishinda kiti cha Clare. Paget, mtu wa tabaka la juu kabisa na askari kwa silika, alitazama hali ilivyo akaona kwamba kuwazuia hakuwezekani bila damu, akasema hivyo. Aliandika barua kwa Askofu Mkuu Curtis, barua ikafika magazetini, na mwezi Januari 1829 Waziri Mkuu akamwondoa kazini. Waziri Mkuu alikuwa Wellington. Mwezi Aprili mwaka huohuo serikali ya Wellington ilipitisha sheria ya kuwaruhusu Wakatoliki. Aliyelisema jambo alifukuzwa. Aliyemfukuza akalitekeleza baada ya miezi mitatu, na vitabu vingi vya historia vinalihesabu kwake.

Dublin ilimsindikiza Paget kwa shangwe. Aliporudi kwa kipindi cha pili, Desemba 1830, shangwe ile hakuikuta. Serikali ilimkamata O'Connell mwezi uliofuata, wakulima wakakataa kulipa zaka kwa kanisa lisilo lao, na umati uleule uliompigia makofi ukamzomea. Kilichobaki cha maana katika kipindi hicho ni mpango wa 1831 wa shule za msingi za taifa, zilizokusudiwa watoto wa madhehebu yote wakae darasa moja. Mwaka 1833 aliondoka. Mwaka 1846 alipewa cheo cha Fildimashali akiwa na miaka 78, na kukabidhiwa idara ya zana za vita hadi 1852. Miaka yake yote ya uzee aliteswa na maumivu makali ya neva za uso, yasiyopona. Mguu uliokatwa kwa visu butu ulimsumbua kidogo kuliko shavu lililokuwa zima.

Ulinganisho

Taaluma isiyo na ulinganisho ni masimulizi tu. Kwa hiyo tumewatafuta wengine wa jamii hii. Antonio López de Santa Anna, mpanda farasi aliyekuwa rais wa Meksiko mara nyingi, alipoteza mguu wa kushoto kwa mzinga wa Wafaransa huko Veracruz mwaka 1838. Mwaka 1842 aliuzika mjini Meksiko kwa heshima zote za kijeshi. Mwaka 1844, umaarufu wake ulipokwisha, umati uliufukua na kuuburuza mitaani. Mguu wake wa bandia ulitekwa na askari wa Illinois mwaka 1847 na uko makumbusho huko Springfield mpaka leo. Kanuni inayojitokeza ni kwamba mguu uliozikwa na serikali hufukuliwa na wananchi, na mguu uliozikwa na mwenye nyumba huleta mapato.

Daniel Sickles wa Marekani tunamtaja kwa tahadhari kwa kuwa hakuwa mpanda farasi kwa kazi. Alikuwa mbunge, akawa jenerali, akapoteza mguu Gettysburg mwaka 1863, akaupeleka makumbusho ya tiba ya jeshi, ambako alikuwa akienda kuutembelea. Mwaka 1859 alimpiga risasi na kumuua mwanamume aliyekuwa na uhusiano na mkewe. Paget alimchukua mke wa mtu. Sickles alimuua aliyemchukulia wake. Kisha wote wawili wakapoteza mguu wa kulia. Mifano ni michache mno kwa kutoa sheria, lakini tunawasihi wanasiasa walioko kwenye ndoa wawe waangalifu na mizinga.

Warithi

Kati ya watoto wa Paget, Lord George aliirithi kazi ya farasi. Aliongoza kikosi chake kwenye lile shambulio la Balaclava, Oktoba 1854, akivuta sigara, akatoka na viungo vyote, jambo lililovunja mila ya familia. Clarence akawa admirali, akachonga sanamu ya Nelson inayosimama kando ya mlango-bahari wa Menai. Kitukuu, Henry Cyril, Makwisi wa tano, hakupoteza kiungo, alipoteza mali. Aligeuza kanisa dogo la nyumba ya ukoo kuwa ukumbi wa maigizo, akacheza ngoma humo akiwa amevaa vito, akafilisika mwaka 1904 kwa deni la zaidi ya paundi 500,000, akafariki Monte Carlo mwaka uliofuata akiwa na miaka 29. Wazee wa ukoo walimwona aibu. Sisi tunaona tofauti ndogo: babu alitumia miguu kutoroka, kitukuu aliitumia kucheza, na wote wawili walilipishwa.

Makwisi wa saba, aliyefariki 2013, aliandika historia ya wapanda farasi wa Uingereza katika juzuu nane, na kabla yake wasifu wa Paget wetu aliouita kwa Kiingereza "Mguu Mmoja". Katika Plas Newydd, ile nyumba ya ukoo, umehifadhiwa mguu wa bandia, pamoja na upande mmoja wa suruali ya Waterloo. Msumeno uko makumbusho ya jeshi London.

Suala la ngeli

Limebaki jambo la sarufi, nalo ndilo lililotusukuma kuandika. Neno *mguu* liko ngeli ya U-I: mguu umevunjika, miguu imechoka. Ule wa bandia, ukiuita kiguu, unaingia KI-VI pamoja na viti na vijiko, wala hakuna ubishi. Mguu wa Waterloo ndio mgumu. Wapo watakaosema kitu kisichopumua hakiwezi kuingia A-WA. Hao watuambie kwa nini tunasema maiti *amezikwa*, tena maiti *wawili*.

Tuyatazame matendo yake. Mwaka 1878 ilijulikana kwamba mifupa haikuwa kaburini: mwana wa Paget alikwenda kuzuru akaikuta imewekwa hadharani itazamwe. Familia ikadai irudishwe. Wazawa wa Bwana Paris, badala ya kuirudisha, wakajitolea kuiuza. Balozi akaingia kati, na waziri wa sheria wa Ubelgiji akaamuru mifupa izikwe. Haikuzikwa, ilifichwa. Mwaka 1934, Bwana Paris wa mwisho alipofariki Brussels, mjane wake aliikuta chumbani mwa mumewe pamoja na hati zake, akaogopa kashfa nyingine, akaichoma kwenye tanuri la kupashia nyumba joto.

Alizikwa, akatembelewa na wafalme, akafukuliwa, akagombaniwa na serikali mbili, akaishi mafichoni, akafa kwa mara ya pili miaka 80 baada ya mwenyewe kulazwa kanisa kuu la Lichfield. Makala haya yanapendekeza ngeli ya A-WA. Mwenye hoja ya kumrudisha U-I tunamkaribisha, ila aje kwanza na maelezo ya lile jeneza.